Ubani Ulioliwa na Lori

Waliponiletea habari kwamba Rajabu amekufa nilikuwa nachambua mchele, na nikaendelea kuchambua. Zena, binti yake, alikaa mkekani mbele yangu, macho yamemvimba, akiningoja nilie. Sikulia. Nilimuuliza amekufa saa ngapi, kazikwa wapi, nani kamwosha, maswali ya mtu mzima yeyote, naye akanijibu moja moja kwa adabu. Zena ni mtoto wa mwanamke aliyeingia nyumbani kwa Rajabu baada ya mimi kutolewa, lakini tangu apate akili ananiita mama mkubwa, na sina ugomvi naye; mimi nafukuzwa, yeye hata hajazaliwa. Alipomaliza habari za mazishi akasema lililomleta. "Mama mkubwa, kesho kutwa ni khitima. Tunakuomba uje. Kila aliyekuwa na haki yake kwa baba ameulizwa, na amesamehe. Umebaki wewe tu." Nikamwambia nitakuja. Na nilikuwa na nia safi, Mungu ananiona, kwa sababu miaka yote hiyo nilikuwa nimejiwekea neno moja la kujituliza, kwamba Rajabu alinitenda vile kwa kuwa hakujua. Mtu asiyejua utamshika wapi? Utamlaumu, utamtukana moyoni, mwisho unachoka. Mimi nilikuwa nimechoka. Niliwaza nitakwenda, nitamtamkia radhi mbele ya watu, nitakula wali wao nirudi kwangu, na habari ya mwaka ule niliokaa kwake Ngamiani, mjini Tanga, iwe imekwisha.

Nyumba yenyewe haijabadilika sana. Baraza ya mbele wameipiga simenti mpya na paa wamelibadilisha, lakini ukumbi ni ule ule mrefu, vyumba huku na huku, na mwisho wake mlango wa uani ambao mtu mrefu lazima ainame. Chumba changu kilikuwa cha mwisho, mkono wa kushoto. Siku ya khitima nilipopita nilichungulia. Wameweka magunia ya nazi na baiskeli mbovu. Mwaka ule, mwanzomwanzo wa miaka ya hamsini, kilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku langu la nguo, kioo kilichopasuka pembeni, na dirisha dogo linalotazama kichochoro. Kichochoroni ndiko lilikolala lori la Rajabu. Nikifungua dirisha asubuhi, kitu cha kwanza kukiona ni ubavu wake wa mbao, na kitu cha kwanza kukinusa ni makaa. Mpaka leo nikinusa makaa ya vifuu yaliyomwagiwa maji, nageuka kulitafuta dirisha.

Vijana wa sasa nikiwaambia kwamba niliolewa na mtu mwenye lori linalotembea kwa makaa, wananitazama usoni waone kama nimeanza kupotea. Yalikuwapo. Wakati wa vita kuu ya pili petroli ilikuwa ya shida, na matajiri wa mashamba ya mkonge wakafunga kwenye malori yao mapipa makubwa ya chuma, nyuma ya chumba cha dereva. Pipani unatia makaa, unawasha, unafunika, moto unanyimwa hewa usiwake sawasawa. Gesi inayotoka humo ndiyo inayovutwa kwa bomba mpaka kwenye injini. Vita vikaisha, petroli ikarudi, watu wakayang'oa mapipa yao. Rajabu alilinunua lori lake kuukuu kutoka shamba moja, na pipa lake mgongoni, akaliacha vilevile, maana vifuu vya nazi Tanga ni vya kuokota. Alikwenda nalo Maramba kwa njia ya Pongwe na Muheza, akarudi na machungwa, ndizi na abiria wamekaa juu yake. Hakuwa na fundi wala hakutaka kumsikia. "Hili nalifunga mwenyewe, nalifungua mwenyewe," alikuwa akisema barazani, kwa sauti, ili na wa nyumba ya pili asikie. Alikuwa mwanamume wa majivuno, lakini majivuno yenyewe yalikuwa ya kuchekesha, na mimi nilikuwa msichana.

Nilimpenda. Nalisema waziwazi, kwa sababu wanawake wa rika langu wakisimulia habari za waume waliowaacha hujifanya hawakuwapenda tangu hapo. Uongo mtupu. Jioni nikisikia honi yake mwisho wa mtaa nilikuwa naacha chochote nilichoshika. Namwekea maji ya kuoga, naandaa bada, ule ugali wa muhogo, na mchuzi wa papa wa nazi, pilipili mbichi pembeni kwa sababu bila pilipili alikuwa hali, halafu nakaa naye mkekani. Alikuwa akila huku anazungumza, mdomo umejaa, akiniigizia abiria wake: bibi mmoja wa Kidigo aliyetaka mbuzi wake akae mbele na dereva, au bwana harusi aliyelala usingizi akapitilizwa kwao. Nacheka mpaka natokwa na machozi. Mama yake, Bi Tatu, alikuwa akila chumbani kwake, ng'ambo ya ukumbi, mlango wazi, anasikia kila kitu. Kicheko changu hakukipenda. Alikuwa amemwekea mwanawe binti wa kaka yake, Mwanakombo, na Rajabu akamletea mimi kutoka Maramba. Sitamsingizia, Bi Tatu hakunigombeza hata siku moja. Alikuwa mtu wa kungoja.

Ugonjwa wa lori ulianza na harusi yangu. Hilo ni kweli na sikuwahi kulikana. Walikuja kunichukua kwa lori hilo hilo, limesafishwa ndani na nje, limepakwa rangi ya kijani, limefungwa makuti, wanawake wamejaa nyuma na vigelegele vyao. Kwenye mlima wa kuingia Maramba likakohoa, likapiga mlio kama bunduki, likasimama. Wakwe zangu walishuka wakasukuma na nguo zao za harusi, viatu mkononi. Siku ile walicheka tu. Lakini safari iliyofuata likafanya vilevile, na iliyofuata tena. Asubuhi linawaka vizuri, linatoka Ngamiani linanguruma, linapita Pongwe bila neno. Likishakwenda sana, likishapata moto, ndipo linaanza: nguvu zinaliishia, linapiga chafya, na mlimani halitaki kabisa. Machungwa ya watu yakawa yanaozea njiani. Abiria wakahamia basi la mtu mwingine. Rajabu akaacha kuniigizia watu, akawa anakula kimya, anatazama sahani.

Sasa niseme jinsi alivyokuwa akilifunga, maana ndipo yalipo mambo yote. Pale bomba linapotoka kwenye pipa pana maungio, na maungio hayo lazima yazibwe, gesi isitoke wala hewa isiingie. Kila alfajiri, kabla ya kuwasha moto, Rajabu alibandua udongo wa jana, akafuta majivu, akachukua fungu la katani mpya nyeupe, akalizungusha kwenye maungio akalikaza kwa goti, kisha akakandika udongo mbichi juu yake, akaulainisha kwa kiganja. Nilikuwa namwangalia kutoka dirishani na kuona raha. Hakuna mtu aliyeona ajabu, kwa sababu Tanga ile yote ilifungwa kwa katani. Vitanda tulivyolalia ni katani, mbuzi amefungwa kwa katani, mlango ukikosa komeo unafungwa kwa katani. Mkonge ndio uliokuwa mji. Nani angekwenda kufikiria kwamba katani inaweza kumkosea mtu wa Tanga?

Mwisho, kwa shingo upande, alimwita fundi, Mbondei mmoja wa Muheza aliyeitwa Elia. Alikuja asubuhi. Mimi nilikuwa dirishani nashona foronya, kwa hiyo niliyasikia yote. Elia alifungua plagi akazitazama juani. Zilikuwa zimepauka, nyeupe. "Injini inakula hewa nyingi, gesi kidogo," akasema. "Mchanganyiko umekuwa mwepesi mno. Kuna mahali panavuta hewa ya nje, Bwana Rajabu. Maungio ya bomba unayafunga vizuri?" Rajabu akamjibu kwa ukali kidogo, "Maungio nafunga mimi mwenyewe kila alfajiri. Hayo usiyaguse, tafuta kwingine." Elia aliyainamia akayatazama kwa macho. Udongo mbichi, umelainishwa, hauna hata ufa. Lori likawashwa, likanguruma bila kosa, kwa sababu ilikuwa asubuhi na moto bado mdogo. Akakaza hiki, akalegeza kile, akanawa mikono, akaondoka. Mchana ule lori lilisimama mlimani pale pale.

Maneno ya uani yakaanza. Bi Tatu na jirani yake walikuwa wakikuna nazi pamoja alasiri, wamelielekezea mgongo jiko ambamo mimi napika, na sauti zao si za kunong'ona wala si za kusema. "Kuna watu wana mguu mwepesi na kuna watu wana mguu mzito," anasema Bi Tatu, mbuzi inakwaruza. "Mimi simtaji mtu." Jirani anaitikia, "Lori lilikuwa zima, shoga." "Zima kabisa. Mpaka siku ya harusi." "Siku ile ile?" "Kabla hata hajapanda, lori linakwenda tu kumchukua. Limemjua kabla hajaingia." Halafu nazi zinakunwa. Mimi nimeshika mwiko, mchuzi unachemka, sijui nijitokeze niseme nini. Mtu akikwambia umeiba utamwonyesha mikono. Akikwambia una nuksi utamwonyesha nini? Haikupita muda nikifika mferejini kuteka maji wanawake wananipisha, si kwa heshima, wananipisha wasigusane na kanga yangu. Na mimi bado nilikuwa na mume, na niliamini nikiwa naye yeye hao wengine watachoka. Kila kitu changu kilikuwa juu ya hilo: Rajabu asimame upande wangu.

Na kwa muda alisimama. Mama yake alipomtajia mganga alicheka, akamwambia hajawahi kuona jini linalojua kuendesha. Kilichomvunja ni maiti. Kuna mzee aliyefia Tanga, watu wake wakataka azikwe kwao Maramba kabla ya alasiri, na Rajabu kwa majivuno yake akasema atawafikisha. Lori likasimama katikati ya mlima. Wafiwa wakashuka, wakangoja, jua linawaka, mwisho wakaliteremsha jeneza wakalipandisha mlima kwa mabega, na mtoto wa marehemu akageuka akamtemea Rajabu mate miguuni. Alinisimulia hayo bila kuniangalia. Kisha akasema, "Mama alete anayemtaka." Nilijua tangu hapo kwamba si lori tu litakalotazamwa.

Mganga alitoka Pongwe, mtu mnene, msafi, kanzu imepigwa pasi. Masharti yake yalikuwa mawili: lori lirudi safari lisizimwe, kwa sababu likizimwa mwenye nalo, yaani jini, anajificha, na chetezo cha ubani nikishike mimi, nilizungushe lori mwenyewe, nao watazame. Basi alasiri moja Rajabu alirudi kutoka Maramba, lori la moto, linatweta, akaliacha linanguruma kichochoroni. Mtaa mzima ulikuwapo. Nikapewa chetezo. Nilivaa buibui langu la harusi, jasho linanitiririka mgongoni, nikaanza kuzunguka. Ubavuni moshi ulipanda juu. Nyuma ukapanda juu. Kwenye pipa, kwenye mfuniko wake, ukapanda juu. Nilipofika kwenye yale maungio ya bomba, moshi ukapinda. Ulipinda, ukawa uzi mwembamba, ukaingia ndani ya udongo kwenye kiufa kisichoonekana. Nikasogeza chetezo karibu, ukaingia wote. Nikakivuta nyuma, ukapanda juu. Nikakirudisha, ukaingia.

"Msimshtue aliye ndani," mganga akasema. "Mwacheni ale." Watu wakarudi nyuma. Akawageukia akaeleza taratibu, kama mtu anayesomesha: jini liko ndani, limeutambua mkono, na mkono unaolilisha ndio uliolileta. "Akitoka huyu, litatoka naye." Bi Tatu akafungua viganja akashukuru. Hakuna aliyesema hebu na mwingine akishike chetezo tuone. Hata mmoja. Nilimtafuta Rajabu kwa macho; alikuwa amesimama mlangoni kwa dereva, hanitazami mimi, anatazama mikono yangu.

Maghribi ile niliandaa chakula kama kawaida, bada na papa. Bi Tatu alikuwa kwa jirani, anapokea pongezi. Tulipokaa nikamwambia mume wangu kwa sauti ya chini, "Rajabu, ule moshi haukuliwa na mtu. Ulivutwa. Na ulivutwa pale tu unapofunga katani. Kwingine kote haukuingia. Yule fundi si alisema kuna mahali panavuta hewa? Asubuhi hapavuti, ndiyo maana hakuona. Panavuta likiwa la moto." Rajabu akaacha kutafuna. Tonge lilikuwa mkononi mwake, na alilishika vile vile muda mrefu. "Umemwambia nani maneno haya?" akaniuliza. Nikamjibu, wewe tu. "Basi usimwambie mtu." Nilidhani ananilinda na ndimi za watu. Alilirudisha tonge sahanini, akachukua taa, akatoka. Kutoka dirishani nilisikia kisu kikikwangua udongo. Aliporudi mikono ilikuwa myeusi mpaka vifundoni, akainawa kwa sabuni, akainawa tena. Nikamuuliza, "Vipi?" Akasema, "Nimetazama. Pazima."

Nikaamini. Mume wangu kaenda kutazama kwa macho yake, kaniambia pazima, mimi ni nani? Nikaanza hata kujitilia shaka mwenyewe. Usiku ule niliunusa mkono wangu uliokuwa umeshika chetezo.

Asubuhi tulikula mbaazi za nazi na maandazi. Baada ya chai akaniita ukumbini. Mama yake yupo, na mjomba wake yupo, baba yake Mwanakombo, amekuja mapema kuliko kawaida. Rajabu alitazama ukuta. Akasema jina langu kamili, Mwanahamisi na la baba yangu, akasema ameniacha talaka moja. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ile anayotumia kuwaambia abiria wapande. Nguo zangu nilizikuta zimekwisha kukunjwa. Kwenye lori hawakunipandisha, lisije likarudiwa. Nilichukuliwa kwa baiskeli mpaka Pongwe kwa shangazi yangu, sanduku langu limefungwa nyuma kwa katani.

Talaka moja ina mlango. Mume akitaka, ndani ya eda, anamrejea mkewe bila ndoa mpya. Nilikaa eda nimeukodolea macho mlango huo. Nyumba ya shangazi ilikuwa kando ya barabara, na lori lilikuwa lazima lipite. Siku za kwanza halikupita. Kisha asubuhi moja nikalisikia, nikalijua kabla sijaliona, na jioni likarudi. Ilikuwa sauti nyingine. Limejaa machungwa mpaka juu, watu wamekaa juu ya machungwa, na halikohoi, halipigi chafya, linapanda kile kimlima cha Pongwe linaimba. Mjinga mimi, nilifurahi. Niliwaza Elia ameitwa tena, ameona kosa, sasa Rajabu amejua kwamba sikuwa mimi, atakuja. Nikawa kila jioni nafagia uwanja wa mbele, natia wanja, nakaa. Lori likawa linapita. Halikupunguza mwendo. Shangazi alikuwa akisema, "Anaona haya, mwanangu, mpe muda."

Lakini watu hawakusema hivyo. Watu walisema, umeona? Tangu atoke yule mwanamke, lori halijasimama hata siku moja. Kupona kwa lori ndiko kulikokuwa ushahidi wangu mbaya. Kama lingeendelea kuumwa ningepona mimi. Eda ikaisha, na Mwanakombo akaolewa, akapitishwa mbele ya nyumba ya shangazi juu ya lori hilo hilo, kijani, na makuti yake. Mimi nikabaki na jina. Wanaume wawili watatu waliokuja kuposa walirudi nyuma baada ya kuuliza mjini. Mwanamke mmoja wa pale Pongwe alininyang'anya mtoto wake mchanga nilipomshika. Dereva wa basi, mtu mwenye heshima zake, aliniomba, kwa upole, nisikae mbele. Upole wa yule dereva uliniuma kuliko mate. Niliolewa miaka mingi baadaye na seremala mtu wa mbali asiyejua habari za malori, na alinitunza, na nimemzika. Lakini kila nilipomkumbuka Rajabu nilijiambia: alitazama, akaona pazima, akadanganywa na mama yake na mganga, mtu mwingine kalitengeneza lori baadaye, na yeye kwa haya hakuweza tena kurudi kwangu. Neno hilo lilinifaa. Nililala nalo.

Sasa turudi khitimani. Wamekwisha kusoma, wanawake tumekaa ukumbini, sinia la pilau mbele yetu, Zena anapita na chetezo anatufukiza mabuibui. Mimi nilikaa karibu na dirisha la barazani, nipate upepo. Nje wanaume wanakula pia, na Hamza, mtoto mkubwa wa Rajabu, anawasimulia habari za baba yake. Ni sauti ya baba yake kabisa, ya kusikika nyumba ya pili.

"Mzee alikuwa na akili ya ajabu," anasema. "Lile lori la makaa lilimsumbua karibu mwaka. Fundi kashindwa. Bibi akamleta mganga, wakalizungusha ubani, watu wote wanatazama jini. Mzee anatazama moshi. Akauona unavutwa kwenye maungio ya bomba. Akanyamaza. Maghribi ile ile akaenda na taa, akabandua udongo, akakuta nini? Katani yote ndani imekuwa majivu. Udongo umebaki gamba tupu. Kila siku anafunga, kila siku inaungua, hewa inaingia, na alfajiri anayafuta majivu yake akidhani ni ya makaa." Mtu akauliza, kwani zamani alikuwa akiyafunga kwa kitu gani. "Lilikuwa na kamba yake, ile ya kijivu ya kwenye boila, isiyoungua. Ilikatika alipofungua bomba alisafishe kwa ajili ya harusi fulani, akatia katani ya kupitishia siku, akasahau. Basi kesho yake akaenda shamba la mkonge, akaomba kamba ya boila. Lori likapona moja kwa moja." Wakacheka. Mwingine akauliza, "Na mganga?" Hamza akasema, "Akamwachia sifa zake. Mzee alikuwa akisema, ukishaijua dawa ugombane na watu ya nini?" Wakacheka tena, wakamwombea rehema.

Harusi fulani. Nilikuwa nimeshika tonge la pilau na nikaona nimeacha kutafuna. Nikamwona Rajabu waziwazi, na tonge lake la bada, akiniuliza nimemwambia nani. Kesho yake ndiyo siku aliyoniacha. Yaani alipotazama ule ukuta ukumbini, hapa hapa nilipokaa, katani iliyoungua alikuwa ameishika kwa mikono yake jana yake, na alijua, na kamba ya boila alikuwa anakwenda kuiomba akishamaliza na mimi. Aliogopa mtaa umcheke kwamba nuksi aliifunga mwenyewe kila alfajiri kwa goti lake. Ikawa rahisi zaidi niondoke nayo mimi. Na maneno yangu akayachukua, akayafanya akili yake, akawalea watoto kwa hadithi hiyo, wakakua wanaipenda.

Zena akaja akachuchumaa mbele yangu, chetezo mkononi. "Mama mkubwa, mwalimu anangoja kuomba dua ya mwisho. Ukitamka tu umemwia radhi baba, basi." Wanawake wakageuka wanisikie. Nilimtazama yule mtoto, hana kosa lolote, na moshi wa ubani unapanda juu kati yetu, umenyooka.

"Zena mwanangu," nikamwambia, "nilitoka kwangu nije kumsamehe mtu ambaye alikuwa hajui. Nimefika nimekuta mtu huyo hakuwahi kuwapo."

Hakunielewa. Akanishika mkono. "Nikawaambie nini, mama mkubwa?"

"Mwambie Hamza akiisimulia tena hadithi yake, aseme chetezo nilikishika mimi."

Nikanawa mikono, nikatafuta viatu vyangu mlangoni, nikapita katikati ya wale wanaume pale barazani, wakanisalimu shikamoo, nikaitika marahaba. Neno la radhi nimerudi nalo kwangu.